Mama Mwende Alivyoihoji Mashine

Someni kwanza neno hili: m}nd}. Mkishindwa kulitamka msijali, hata wenye lugha walishindwa. Lilipaswa kuwa mũndũ, yaani mtu kwa Kikamba, lakini ndivyo lilivyotoka kwenye printa yetu kule Industrial Area, katika kiwanda cha uchapishaji nilichokifanyia kazi miaka ya tisini na mingine mingi baadaye. Mti, yaani mũtĩ, ulitoka m}t5. Nyumbani, mũsyĩ, kukawa m}sy5. Ukurasa mzima ulionekana kama uzio wa seng'enge uliogongwa na lori.

Siku hizi nimestaafu, na vijana wa hapa mtaani Jericho, Nairobi, wakinikuta nimekaa nje huniuliza, "Buda, mlikuwa mnafanya nini na kompyuta kabla ya intaneti?" Huwa nawajibu kwamba tulikuwa tunaziuliza maswali. Wanacheka. Basi leo ngoja niwaeleze vizuri, na nikieleza nitamtaja mtu ambaye sijaona fundi kama yeye tangu hapo, ingawa nimefanya kazi na wengi wenye vyeti virefu kuliko mlango.

Jina lake ni Ndunge, lakini kiwandani kote tulimwita Mama Mwende, kwa mtoto wake wa kwanza. Kwao ni Machakos, na wakati huo alikuwa akiishi mtaa wa Tena. Aliingia kiwandani kama mpiga chapa, wa kuandika barua za meneja. Halafu kompyuta ikaletwa. Tuliirithi kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifunga, mashine kubwa kama kabati la nguo, na skrini sita zilizounganishwa nayo kwa nyaya. Kampuni iliyoiunda ilikuwa imekwisha kufa huko ng'ambo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpigia simu. Kilichokuja nayo ni sanduku la vitabu vya maelekezo. Sisi wengine tulivitumia kuinulia skrini ziwe juu kidogo. Mama Mwende alivisoma. Kila siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana, alivuta kitabu kimoja chini ya skrini, akasoma huku anakula githeri, kisha akakirudisha mahali pake. Alipovimaliza vyote alikuwa anajua kuandika programu, na meneja akampa mashine yote aisimamie. Mimi, Wafula, nikawekwa chini yake. Nilikuwa na miaka thelathini na cheti cha chuo, na kusema kweli nilijiona nimeonewa.

Sasa, Mzee Kilonzo. Huyu alikuwa karani mstaafu, jirani yangu hapa Jericho, nyumba mbili kutoka kwangu. Kwa miaka karibu arobaini alikuwa akikusanya maneno ya Kikamba kwenye madaftari ya shule. Alikuwa akiwafuata wachonga vinyago awaulize majina ya miti na ya sehemu za shoka. Aliwauliza madereva, aliwauliza akina mama sokoni. Alipopata wafadhili wa kanisani kwao, alileta madaftari yale kwetu yachapwe yawe kamusi. Wapiga chapa wetu wakaandika karibu kurasa mia nne. Tulipochapisha ukurasa wa kwanza tumwonyeshe, ndipo tukaona ile seng'enge.

Mama Mwende ndiye aliyegundua sababu, kwa kalamu, nyuma ya karatasi iliyoharibika. Kwa kompyuta kila herufi ni namba. Kwenye mashine yetu ĩ ilikuwa namba 181 na ũ namba 253. Skrini zilikuwa na herufi hizo, na printa pia ilikuwa nazo. Lakini programu yetu ya kuandikia ilitengenezwa na watu waliofikiria herufi za Kiingereza tu, ambazo haziendi zaidi ya 127. Ikikutana na namba kubwa kuliko hiyo, inapunguza 128 bila kumuuliza mtu. Toa 128 kwenye 253, inabaki 125, na 125 ndiyo alama ile ya mabano. Toa 128 kwenye 181, inabaki 53, nayo ni tarakimu 5. Aliponionyesha hesabu hiyo nilijifanya nilikuwa nimeshaijua.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. "Ondoeni hizo alama juu ya herufi," alisema. "Watu wataelewa tu."

Mzee Kilonzo alikuwa amesimama pale na mkoba wake kifuani. "Bwana Meneja," alisema polepole, "ukiziondoa, kuna maneno mawili mawili yatakayoangukia shimo moja. Mtoto akilichungulia hilo shimo hatajua lipi ni lipi. Hiyo haitakuwa kamusi."

Meneja alimtazama, akatutazama sisi. "Haya. Nawapa hadi shule zifungwe mwezi wa nane. Ikishindikana, inachapwa bila alama, au Mzee anachukua daftari zake."

Mama Mwende alikuwa na binamu aliyekuwa akifundisha ng'ambo, akamwandikia barua. Baada ya wiki sita tukaletewa kanda ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na programu nyingine ya kuandikia, ambayo watu walisema haili herufi yoyote. Na haikuja ikiwa tayari kutumika, ilikuja kama msimbo, yaani yale maandishi anayoyaandika mtengeneza programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Walioitengeneza waliigawa bure ili kila mtu aifanye ikubaliane na mashine yake. Nyinyi mmezoea jambo hilo. Mimi nilipoelezwa nilidhani kuna mtego.

Kati ya mafaili yale palikuwa na folda moja ambayo kila faili ndani yake lilieleza aina moja ya kompyuta: prosesa yake, yaani ubongo wake, ikoje, inapangaje namba kwenye kumbukumbu, na kadhalika. Ukichagua faili la mashine yako, programu inageuzwa kufuata maelezo hayo. Tukatafuta faili la mashine yetu. Halikuwemo.

Nikamwambia Mama Mwende nina dawa. Kulikuwa na faili la mashine yenye jina linalokaribiana na letu. Nikalinakili, nikabadilisha jina juu, nikaamuru kompyuta iigeuze programu. Ilianza asubuhi na kumaliza saa kumi jioni, wakati wa chai. Nikaita watu waje waone. Nikaiwasha. Ikafa kabla haijafungua hata ukurasa mtupu.

Mama Mwende alicheka hadi akavua miwani. "Wafula, yaani umevaa kiatu cha jirani kwa sababu majina yenu yanafanana?"

Kisha akaketi kando yangu, akafungua daftari jipya, akapiga mstari katikati ya ukurasa. "Mashine haikisiwi," alisema. "Inaulizwa."

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu, na nataka mwelewe alichokifanya. Alisoma yale mafaili ya mashine nyingine moja baada ya jingine, akaona kwamba yote yanajibu maswali yale yale. Akayaandika maswali hayo upande wa kushoto wa daftari. Halafu kwa kila swali akatunga programu fupi, mistari sita au kumi hivi, ya kuifanya mashine yetu ijibu yenyewe. Kwa mfano, namba kubwa huhifadhiwa kwa vipande vinne. Je, mashine yetu huanza na kipande kikubwa au kidogo? Akaandika programu ya kuweka namba 1 kwenye kumbukumbu, kisha kuchungulia kipande cha kwanza. Kikatoka sifuri, kumbe ile 1 imekaa mwishoni. Akaandika upande wa kulia: kikubwa mbele. Mstari mmoja wa faili letu ukawa umepatikana, na hakuna aliyebahatisha.

Jibu la nne ndilo lililoeleza kwa nini ile programu yangu ilikufa. Programu ile ya kuandikia ilikuwa na tabia ya kubandika alama zake kwenye tarakimu za mwanzo za kila anwani ya kumbukumbu, yaani namba ya mahali kitu kilipowekwa, kwa kuamini kwamba huko mwanzoni huwa kuna sifuri tupu. Mama Mwende akaiambia mashine itaje anwani inazotumia. Zetu zote zilianza na tarakimu 4. Kwa hiyo kila alama ilikuwa inaangukia juu ya kitu kilichokuwepo tayari, kama mtu anayeandika barua juu ya barua. Watengenezaji walikuwa wameacha njia ya kusema hivyo kwenye faili la mashine, na yeye akaipata. Mtu aliyeanza kwa kupiga chapa barua za kuagiza wino! Jioni ile nilitoka kiwandani nikatembea Jogoo Road nzima nikiyarudia maswali yake kichwani.

Baadaye sana zilikuja programu zinazojiuliza maswali hayo zenyewe. Mmeziona: unaandika amri moja, mistari inapita kwenye skrini, "naangalia hiki, naangalia kile," na mwisho inakuambia iko tayari. Mimi huwa nasoma kila mstari unaopita. Ni daftari lile lile la Mama Mwende, ila linajiandika.

Nimesema nitawaeleza, basi niwaeleze na la aibu.

Swali la tisa lilikuwa hivi: ukihifadhi herufi namba 253 kisha ukaisoma tena, inarudi namba gani? Mama Mwende alikuwa ameitwa na meneja, akaniachia mimi niliulize. Skrini zote sita zilikuwa na wapiga chapa waliokuwa wakimalizia vitabu vya shule, na nilipaswa kusubiri nafasi. Nikalitazama lile swali nikaliona la kipuuzi. Ukiweka 253, utatoa nini kama si 253? Nikaandika 253 upande wa kulia, nikaenda kunywa chai.

Faili likakamilika. Programu ikageuzwa kutwa nzima, ikawaka, haikufa. Tukaandika Kiingereza, sawa. Tukaandika Kiswahili, sawa. Wapiga chapa wakapiga makofi. Mama Mwende akafungua ukurasa mmoja wa Mzee Kilonzo, aliokuwa ameurudishia ũ na ĩ zake kwa programu fupi ya kwake mwenyewe, na mara tu mashine ilipofika kwenye ũ ya kwanza, kila kitu kikazima.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mama Mwende alisoma msimbo ule mstari kwa mstari. Aliacha kula mchana, akawa anasukuma bakuli la githeri kando na kusahau liko wapi. Alianza kusema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwake: "Labda mimi sikusoma hivi vitabu nikavielewa." Na mimi nilikuwa hapo, nikimsaidia kwa bidii kutafuta kila mahali isipokuwa mahali penyewe. Mniamini, sikuwa nakumbuka. Ukidanganya jambo unaloliona dogo, unalisahau upesi.

Jumamosi moja nilimkuta Mzee Kilonzo kwenye soko letu la Jericho. Alikuwa ameshika nyanya karibu na jicho kama mtu anayetazama saa ya mkononi.

"Ni Wafula?" aliuliza niliposalimia.

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hizi nyanya ni nyekundu kweli, au mama huyu ananichezea?"

Yule mama muuzaji akacheka, nami nikamwambia ni nyekundu. Tukatembea pamoja kuelekea nyumbani, akanishika mkono wa shati. Akaniambia daktari amesema ni presha ya macho, na kinachopotea hakirudi. "Nimebaki na mwanya mdogo hapa katikati. Nakuona pua, masikio sikuoni." Aliongea bila kujionea huruma. "Ndiyo maana naulizia kazi kila mara, mwanangu, msione nawasumbua. Maneno mengine hakuna ayajuaye vile yanavyoandikwa ila mimi. Nikisomewa sitasikia kosa. Lazima nilione."

Nilimfikisha mlangoni, nikaenda zangu.

Shule zilikuwa zimebakiza juma moja zifungwe. Ijumaa Mama Mwende akaniambia, "Jumatatu nitamwita Mzee nimweleze imeshindikana. Afadhali asikie kutoka kwangu. Wewe nakili hilo daftari vizuri, tuweke kumbukumbu ya tulichofanya."

Nikakaa kunakili. Swali la kwanza, jibu. La pili, jibu. Kila jibu lilikuwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, na kando yake tarehe na jina la ile programu fupi aliyoitumia kuuliza. Nikafika la tisa. Pale palikuwa na mwandiko wangu, 253, na kando hapakuwa na kitu.

Skrini moja ilikuwa wazi. Nikaandika ile programu fupi, mistari saba, nikaiendesha.

Mashine ikajibu: -3.

Hasi tatu. Kumbe mashine yetu ilizigawa namba za herufi katikati, nusu moja chanya na nusu nyingine hasi. Herufi zote za Kiingereza ziko kwenye ile nusu ya chanya, ndiyo maana zilipita salama. Lakini ũ iliposomwa, programu ilienda kutafuta mstari wa hasi tatu kwenye orodha inayoanzia sifuri. Mstari huo haupo. Ikatoka nje ya orodha na kuanguka.

Mama Mwende alikuwa dirishani anaongea na dereva wa lori la karatasi. Nilisubiri amalize. Nilifikiria kumwambia kwamba nimegundua jambo jipya. Sentensi yenyewe nilikuwa nimeshaipanga mdomoni, ningeonekana shujaa. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umechoka sana, nikashindwa.

"Mama Mwende, swali la tisa sikuliuliza," nilisema. "Nililijibu mwenyewe. Nimeliuliza sasa hivi. Ni hasi tatu."

Alikuja, akainama, akaisoma skrini. Nikangoja anitukane, na ningestahili. Wiki tatu za mtu si mchezo, achilia mbali macho ya mtu mwingine.

"Hasi tatu," alisema. Kisha akanisukumia daftari na kalamu. "Andika."

Nikataka kufuta ile 253.

"Usifute! Piga mstari mmoja juu yake isomeke. Andika hasi tatu, andika na jina lako. Atakayekuja baada yetu atataka kujua tulipotea wapi."

Nikaandika.

Alivuta kiti. "Unajua kwa nini sikulirudia hilo swali, Wafula? Niliona mwandiko wako nikasema, huyu ana cheti, amelipima." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Kisha akaongeza, "Haya, tufanye kazi," na hakulitaja tena, si siku ile wala siku nyingine yoyote.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Kwenye faili la mashine yetu aliongeza neno la kuiamuru kompyuta ihesabu namba za herufi zote kuwa chanya, kuanzia sifuri hadi 255. Jumamosi tukaja kazini, tukaigeuza programu upya. Saa kumi alasiri akafungua ule ukurasa wa Mzee. Ukurasa ukafunguka. Mũndũ. Mũtĩ. Mũsyĩ. Herufi za kijani kwenye kioo cheusi, kila moja na kofia yake. Mama Mwende alisoma ukurasa mzima kwa sauti, kwa lugha ya mama yake, huku mimi sielewi hata sentensi moja, na nadhani hakuna siku nimefurahi zaidi kazini.

Kurasa nyingine zote, zilizokwisha kuliwa na programu ya zamani, ilibidi ziandikwe tena, na wapiga chapa waliziandika bila kulalamika sana. Faili letu Mama Mwende alilinakili kwenye kanda, akalituma kwa watengenezaji pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Sisi tulimwambia anapoteza stempu. Mwaka uliofuata toleo jipya likaja, na ndani ya ile folda mlikuwa na faili la mashine yetu, na juu yake jina lake. Alilitazama, akasema wameandika vizuri, akarudi kwenye kazi yake. Miaka mingi baadaye nilifungua toleo jingine nikakuta limeondolewa, kwa kuwa mashine za aina ile hazipo tena duniani. Nilimpigia simu kumwambia, nikidhani ataumia. "Wamefanya sawa," alisema. "Faili la mashine isiyokuwepo linamsaidia nani?"

Mzee Kilonzo alianza kuja kila Jumanne. Nilikuwa nampitia nyumbani, tunakwenda kiwandani pamoja. Siku ya kwanza alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akasoma kimya, kisha akasema, "Hapana, hili si sahihi." Mama Mwende na mimi tukaangaliana. "Si mashine," Mzee akasema, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Ni mimi. Nimelikosea kwenye daftari tangu nikiwa kijana. Lirekebishe, lirekebishe!" Alisahihisha hivyo miezi mingi, na kila mwezi alikuwa akisoma kurasa chache kuliko mwezi uliotangulia. Mimi nilikaa kwenye kibodi. Alitaja neno, akaniambia alama iko wapi, nikaiweka. Alimaliza herufi ya mwisho akiwa bado anaona, ingawa kidogo sana.

Kitabu kilipotoka kushonwa, ule mwanya wa macho ya Mzee ulikuwa umefungwa. Mama Mwende na mimi tulimpelekea nyumbani, hapa Jericho. Alilipapasa jalada, akapima unene wake kwa vidole, akakinusa. Mama Mwende akajitolea kumsomea.

"Wewe ni mtu wa Machakos," Mzee alisema. "Wewe utasoma hata kama wameandika vibaya. Mpe Wafula."

"Mzee, mimi ni Mbukusu, Kikamba sikijui."

"Najua. Fungua popote."

Nikafungua, nikaanza kusoma. Neno, kisha maana yake, kisha mfano. Nilisoma taratibu, nikitazama kila kofia juu ya kila herufi. Baada ya mistari mitano hivi aliinua mkono.

"Nani amekufundisha kutamka sawasawa hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha, Mzee. Imeandikwa hapa."

Mama Mwende alikuwa amegeukia dirishani. Mzee akaegemea kiti, akafumba macho yasiyoona, akasema, "Endelea."